Maneno ya Kigiriki Yanayoweza Kukuokolea Ng'ombe: Jifunze Kuisoma Rangi ya Mfugo Wako

Najua ukisoma kichwa cha makala ya leo utajiuliza, "Bwana mifugo kaingiwa na nini tena? Kigiriki na ng'ombe wapi na wapi?" Tulia, kaa vizuri. Hata mimi nilikuwa nawaza hivyohivyo mpaka asubuhi moja simu yangu ilipoita.

Aliyepiga ni kijana mwenzenu, anafuga ng'ombe watano wa maziwa, ufugaji wa ndani. Alikuwa amewaka. "Bwana mifugo, njoo upesi. Huyu dogo wangu wa kazi kammwagia ng'ombe maji ya moto, ngozi yote inabanduka. Nakusubiri wewe uone kwa macho yako, halafu naenda naye kituoni. Na mshahara wake wa miezi miwili asahau."

Nikawasha pikipiki. Nilipofika nikamkuta ng'ombe, Friesian mwenye mimba ya miezi mitano, amejibana kwenye kivuli cha banda na hataki kutoka. Mgongoni na ubavuni ngozi imekauka, imepasuka, inabanduka kama rangi ya ukuta wa zamani. Chuchu zina vidonda. Dogo wa kazi, umri wa miaka kumi na minane hivi, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, macho mekundu. "Shikamoo mzee. Mimi sijamwagia kitu. Nakuapia."

Sikumjibu. Nikamzunguka ng'ombe taratibu, mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu ndipo nikaona. Kila kidonda kilikuwa na mpaka, na mpaka huo ulikuwa umenyooka vizuri mno. Baka jeupe la ubavuni limebanduka lote. Baka jeusi linalogusana nalo halina hata mkwaruzo, nywele zinang'aa. Mpaka wa kidonda ulikuwa uleule mpaka wa rangi.

Nikamwita mwenye mifugo. "Angalia hapa. Maji ya moto hayachagui rangi."

Kisha nikavuta kope la chini la ng'ombe. Sehemu nyeupe ya jicho ilikuwa njano. Nikauliza anakula nini siku hizi. Kiangazi, majani hakuna, dogo akasema wanachanganya na yale wanayokata kwenye uzio. "Bosi aliniambia nikipunguza uzio nisitupe kitu, nikatekate nichanganye." Nikaenda kuuona uzio. Lantana mtupu, ule mti wa matawi yenye miiba midogo na vimaua vya njano, waridi na rangi ya chungwa vilivyokusanyika pamoja. Bosi akanyamaza.

Daktari wa mifugo alifika mchana. Baada ya kumpima ng'ombe aliniandikia maelezo kwenye karatasi, na katikati ya maelezo hayo kulikuwa na neno moja refu: filoerithrini. Nililikariri chuoni kwa ajili ya mtihani, nikafaulu, nikalisahau. Usiku ule nililivunja vipandevipande kama mtu anayefungua mashine, na ndipo nilipoelewa kilichotokea kwa ng'ombe yule. Tangu siku hiyo nimeyaheshimu maneno haya. Leo nataka na wewe uyapate, maana hayana ugumu wowote ukishajua yametengenezwaje.

Kilichompata ng'ombe yule

Kila jani bichi lina klorofili. Neno hili lina vipande viwili vya Kigiriki: kloros, yaani kijani kinachoelekea njano, na filon, yaani jani. Ng'ombe akila majani, vijidudu vya tumboni mwake huivunja klorofili na kutoa kitu kingine kinachoitwa filoerithrini. Vunja tena: filon ni jani, erithros ni nyekundu. "Wekundu wa jani", basi.

Hili hutokea kila siku kwa kila ng'ombe, na halina shida. Ini hukichukua kitu hicho, hukitia kwenye nyongo, kikatoka na kinyesi. Ila lantana ina sumu inayoharibu ini. Ini likichoka, nyongo haitoki, na filoerithrini inabaki kwenye damu mpaka inafika ngozini. Ikiwa ngozini ikipigwa na jua, inaziunguza seli zilizo jirani.

Sasa mbona mabaka meusi yalipona? Kwa sababu ya melanini, kutoka neno melas, nyeusi. Melanini kwenye ngozi ni mwamvuli. Baka jeusi lina mwamvuli, baka jeupe halina. Ndiyo maana kidonda kilifuata ramani ya rangi.

Umeona? Kloros, filon, erithros, melas. Maneno manne yakaeleza ng'ombe mzima, na yakamtoa dogo kwenye kesi.

Maneno kumi ya kuweka kichwani

Wanasayansi wa Ulaya walipotaka kuvipa vitu majina yatakayoeleweka nchi zote, walichota sana kwenye Kigiriki na Kilatini. Kwa hiyo ukijua mizizi michache, unaweza kukisia maana ya neno jipya kwenye lebo ya chakula, kwenye cheti cha maabara au kwenye maelezo ya mbegu. Nimekuwekea na kitu cha kukukumbusha kila moja.

- Melas – nyeusi. Kumbuka melanini.
- Leukos – nyeupe. Kumbuka lusina, ule mti wa malisho. Jina lake la kisayansi, Leucaena leucocephala, lina leukos mara mbili, na neno la pili maana yake ni "kichwa cheupe", kwa sababu ya maua yake.
- Erithros – nyekundu. Kumbuka nchi ya Eritrea, iliyopata jina kutokana na jina la Kigiriki la Bahari ya Shamu.
- Zanthos – njano. Kwenye lebo huandikwa kwa herufi X mwanzoni. Ukiona "xantho", waza njano.
- Kloros – kijani kinachoelekea njano. Kumbuka klorini unayotia kwenye tangi la maji. Yenyewe ikiwa gesi ina rangi hiyo.
- Kianos – bluu. Kumbuka printa ya rangi: herufi C kwenye wino wa bluu inatokana na neno hili.
- Porfira – zambarau.
- Kroma – rangi yoyote. Kumbuka kromosomu. Ziliitwa hivyo kwa kuwa hunyonya rangi zinapoandaliwa kwa hadubini.
- Filon – jani.
- Thriksi – unywele.

Ongeza na kiambishi "a" mwanzoni mwa neno, ambacho maana yake ni "bila". Hicho tutakikuta mbele kidogo.

Angalizo moja: neno "albino" si la Kigiriki. Linatoka kwenye albus ya Kilatini, nyeupe. Utaona kwamba albino na leukizimu, ingawa yote yanasema weupe, si kitu kimoja.

Sasa twende kazini. Ukiona rangi yoyote kwa mfugo, jiulize swali moja kwanza: rangi hii amezaliwa nayo, ameila, au imembadilikia? Makosa mengi ya pesa yanatokana na kuchanganya hayo matatu.

1. Rangi aliyozaliwa nayo

Mfugo kuwa na melanini nyingi kupita kawaida ya jamii yake kunaitwa melanizimu. Chui mweusi aliyepigwa picha Laikipia, Kenya, picha zikasambaa duniani Februari 2019, ni chui wa kawaida mwenye melanizimu. Kukosa rangi sehemu kubwa ya mwili huku macho yakibaki meusi ni leukizimu. Mfano ni Omo, twiga mweupe wa Tarangire ambaye picha zake zilivuma mwaka 2016: mwili mweupe, macho meusi. Albino ni mwingine kabisa. Huyo hatengenezi melanini ipasavyo mwili mzima, macho yakiwemo, ndiyo maana macho yake huonekana mekundu au ya rangi hafifu. Na yule mtoto wa pundamilia wa Maasai Mara, Septemba 2019, aliyekuwa mweusi mwenye vidoadoa vyeupe badala ya mistari? Hali yake inaitwa pseudomelanizimu. Pseudo ni "ya uongo".

Kwako mfanyabiashara, yote haya yana ujumbe mmoja. Ni jeni tu. Mnyama mweupe hana baraka wala mkosi, hana dawa wala utajiri ndani yake. Na kwa binadamu ni vilevile. Watu wenye ualbino ni ndugu zetu waliopungukiwa melanini, basi. Atakayekwambia vinginevyo mkimbie, na mripoti.

Hapa kuna mitego ya biashara ninayokutana nayo kila mwaka.

*Kuku weusi mpaka nyama.* Wapo kweli. Ayam Cemani wa Indonesia na Kadaknath wa India wana melanini mpaka kwenye ngozi, nyama na mifupa. Hali hii inaitwa fibromelanosisi. Wanauzwa bei ya kuruka. Kabla hujanunua, jiulize nani atakuja kula kuku huyo mtaani kwako, na kwa bei gani. Usiwachanganye na Black Australorp. Huyo ni mweusi wa manyoya tu, na sifa yake ya kutaga ilitokana na wafugaji wa Australia kuchagua watagaji bora kizazi baada ya kizazi. Kuku yeyote mweusi wa mnadani hawi mtagaji kwa sababu ya weusi wake.

*Ndama mwekundu kutoka kwa wazazi weusi.* Hii imevunja urafiki wa watu. Umepandisha ng'ombe wako mweusi kwa mbegu ya dume mweusi, mimba ya miezi tisa, anazaliwa ndama mwekundu. Mfugaji anamvaa mtaalamu wa uhimilishaji: "Umenipiga, umeweka mrija mwingine!" Subiri kwanza. Melanini ni za aina mbili: eumelanini, ambayo ni nyeusi au kahawia, na feomelanini, ambayo ni nyekundu au njano. Kwa Friesian, jeni ya wekundu hujificha chini ya jeni ya weusi. Wazazi wote wawili wakiwa weusi lakini kila mmoja kaibeba kimyakimya, kwa wastani ndama mmoja kati ya wanne atatoka mwekundu. Soma katalogi ya dume. Mengi huonyesha kama anabeba jeni ya wekundu. Ukiwa na shaka bado, dai kumbukumbu za mrija. Ila usianze na ngumi.

*Sato wekundu.* Hawa walianza kuonekana Taiwan mwishoni mwa miaka ya 1960, na leo wanafugwa nchi nyingi. Ngozi ya samaki ina seli za rangi ziitwazo kromatofori: kroma ni rangi, fori ni "mbebaji". Zipo melanofori zinazobeba weusi, zanthofori za njano, erithrofori za nyekundu. Sato mwekundu amepungukiwa weusi. Ladha ni ileile ya sato, ila sokoni wapo wanaompenda kwa kuwa anafanana na samaki wekundu wa baharini. Ubaya wake ni kwamba ndege nao wanamwona vizuri. Ukimfuga, bajeti ya nyavu za juu ya bwawa ianze siku ya kwanza.

*Koti na ngozi.* Hili wengi hawalijui. Rangi ya nywele na rangi ya ngozi iliyo chini yake ni vitu viwili. Mtazame Boran mweupe. Nywele nyeupe zinarudisha joto la jua, lakini mpekue, ngozi chini ni nyeusi, mwamvuli upo. Kwa sehemu zetu za joto hiyo ni nguo bora kabisa. Kinyume chake ni nguruwe wa Large White na Landrace, weupe juu na waridi chini. Hao huungua na jua, lazima wawe na kivuli na tope au maji. Hereford wenye uso mweupe nao wanajulikana kwa saratani ya jicho pale ambapo ngozi ya kuzunguka jicho haina melanini. Kwa hiyo ukienda kununua dume la nyama la kufugia nje, usiangalie urembo wa koti tu. Funua nywele uangalie ngozi, angalia kope, angalia pua.

Na kuna mahali rangi ya kuzaliwa inasema kweli tupu, yaani vifaranga wa mayai. Kuku wengi chotara wanaotaga mayai ya kahawia hutambulika jinsia kwa rangi siku ya kwanza: majike ya kahawia, madume ya njano nyeupe. Umeagiza 500 wa mayai na boksi limejaa vifaranga weupe? Piga simu kabla gari halijaondoka.

2. Rangi aliyoila

Kuku hawezi kujitengenezea rangi ya njano ya kiini. Anaila. Kinachofanya kazi hapo ni zanthofili, yaani zanthos na filon, "njano la jani". Zimo kwenye mahindi ya njano, majani mabichi, lusina iliyokaushwa, na maua ya tagetesi ambayo viwanda hukamua rangi yake. Mahindi yetu meupe karibu hayana kabisa. Ndiyo maana unaweza kulisha vizuri, kuku wakataga vizuri, na mteja wa hoteli akarudisha trei: "Haya mayai yako ya plastiki?"

Usikasirike, na usianze kubadilisha dawa. Badilisha chakula. Weka mahindi ya njano sehemu ya meupe, ongeza majani yaliyokaushwa kivulini. Lusina iwepo lakini isizidi asilimia 5 ya chakula cha kuku, kwa sababu ina mimosini, ambayo ikizidi inadumaza na kupunguza utagaji. Ndani ya takriban wiki mbili kiini kitakuwa kimebadilika. Wanunuzi wakubwa hutumia kipimo cha karatasi za rangi chenye namba. Muulize mteja wako anataka namba ngapi, mkubaliane bei. Ila mwambie ukweli: kiini cha njano iliyokolea si lazima kiwe na lishe kuliko kilichopauka. Unauza anachokipenda, usiuze uongo.

Sasa sikia siri ya kuchagua kuku wa kuondoa bandani. Kuku wa ngozi ya njano akianza kutaga, zanthofili iliyokuwa mwilini inahamia kwenye mayai. Mwili unapauka kwa mpangilio: kwanza tundu la kutagia, kisha ukingo wa jicho, sikio, mdomo, na mwisho kabisa miguu. Akiacha kutaga, njano inarudi kwa mpangilio uleule. Maana yake ni nini? Yule kuku mwenye miguu ya njano inayowaka katikati ya msimu wa kutaga, anayekuvutia kwa urembo, huenda anakula bure. Na yule aliyepauka miguu ndiye aliyekulipia ada ya mtoto. Nimewaona vijana wakiuza waliopauka na kubaki na warembo. Wiki iliyofuata trei zimepungua na hawajui kwa nini. Kabla ya kumwondoa, shika na nyonga. Mtagaji ana tundu pana lenye unyevu, na mifupa ya nyonga iliyoachana. Kumbuka pia njia hii haikusaidii kwa kuku wa ngozi nyeupe, wala kwa kundi linalokula mahindi meupe matupu.

Ganda la yai ni jambo jingine. Kahawia ya ganda haitoki kwenye chakula. Ni porfirini, kutoka porfira, ambayo kuku huitengeneza na kuipaka kwenye ganda kabla ya kutaga. Lishe ya yai la kahawia na jeupe ni ileile kama chakula ni kilekile. Lakini kundi lililokuwa likitaga kahawia iliyokolea likianza ghafla kutoa mayai yaliyopauka, amka. Inaweza kuwa ni joto na hofu bandani, inaweza kuwa ni ugonjwa wa njia ya hewa kama bronkaitisi ya kuku, au chakula cha kuku wa nyama chenye dawa ya kokisidia iitwayo nikabazini kimechanganyika na cha mayai. Kuku wakizeeka nao hupauka, ila hiyo huja polepole.

Kwa wa maziwa: unjano wa siagi na mafuta ya Jersey ni karotini ya majani. Maziwa ya mbuzi ni meupe pe, kwa sababu mbuzi huibadilisha karotini karibu yote kuwa vitamini A. Mteja akikwambia umechanganya maji kwa kuwa ni meupe, mweleze hilo, halafu mpe kipimo apime mwenyewe.

3. Rangi iliyombadilikia

Hii ndiyo ya kukukosesha usingizi. Mfugo aliyebadilika rangi anakupa taarifa.

*Akromotrikia.* Usiogope, vunja: a ni bila, kroma ni rangi, thriksi ni unywele. Nywele zilizopoteza rangi. Ng'ombe mweusi anakuwa na kutu, wengine wanazunguka macho kama wamevaa miwani. Mara nyingi chanzo ni upungufu wa madini ya shaba, kwa kuwa kimeng'enya kinachotengeneza melanini hakifanyi kazi bila shaba. Hapa naungama kosa langu. Miaka ya nyuma mfugaji mmoja alinionyesha mitamba yake weusi waliokuwa wakigeuka kahawia, nikamwambia, "Ni jua tu, kaka, mvua zikija watarudi." Jua kweli hupausha nywele, lakini wale mitamba walikuwa wanaharisha na walichelewa sana kushika mimba. Daktari alipopima damu, shaba ilikuwa chini. Nilimpotezea mtu msimu mzima kwa kusema "ni jua tu".

Kwa hiyo: ukiona kutu kwenye kundi, si kwa ng'ombe mmoja, na mimba hazishiki, pima. Wakati mwingine shaba ipo kwenye malisho lakini madini ya molibdenamu, salfa au chuma yanaizuia isifyonzwe. Yapo maeneo ya Bonde la Ufa yanayojulikana kwa tatizo hili. Na angalizo kubwa: usimpe kondoo madini ya ng'ombe yenye shaba. Kiasi kinachomponya ng'ombe kinaweza kumuua kondoo.

*Sianosisi.* Kutoka kianos. Upanga wa kichwani na ndevu za kuku zinageuka bluu au zambarau kwa sababu damu haina hewa ya kutosha. Ikiambatana na vifo vya ghafla inaweza kuwa kipindupindu cha kuku au influenza kali ya ndege. Usichinje, usiuze, usigawe kwa majirani. Funga banda, piga simu kwa bwana mifugo siku hiyohiyo.

*Ikteros.* Ndilo neno la Kigiriki la manjano. Angalia sehemu nyeupe ya jicho na ufizi. Kwa ng'ombe, ndigana baridi huweza kuleta hali hii, na ini lililoharibika pia, kama tulivyoona kwa yule wa lantana. Usikimbilie sindano ya kubahatisha. Chanzo kikikosewa, dawa nayo inakosewa.

Na ukikuta *ngozi nyeupe inabanduka huku nyeusi ikiwa salama*, fanya hivi: mwingize kwenye kivuli kizito hapohapo, acha kumpa majani uliyokuwa unampa, mpe maji mengi, mwite daktari. Kila saa anayokaa juani inaongeza kidonda. Kisha nenda ukakague uzio na malisho.

Cha kufanya wiki hii

Chukua simu yako, piga picha kila mfugo pande mbili na uso, uandike tarehe. Rudia kila baada ya miezi mitatu. Huwezi kujua rangi imebadilika kama huna picha ya ilivyokuwa. Kama una lantana kwenye uzio, amua leo: ing'oe, au hakikisha hakuna jani lake linaloingia kwenye hori.

Yule ng'ombe alipona, ila ilichukua wiki nyingi na maziwa ya msimu ule yalipungua. Mimba ilibaki. Akazaa ndama jike, mweusi karibu mwili mzima, na dogo akasema huyo hataungua.

Ndiyo, dogo bado yupo. Siku ile bosi wake alienda ndani, akatoka na mshahara wa miezi miwili, akamkabidhi mbele yangu. Akasema, "Nisamehe, mdogo wangu. Nilikuwa sijui." Dogo akapokea kwa mikono miwili, akaenda kung'oa uzio.

Una swali, au una mfugo aliyebadilika rangi na hujui kwa nini? Andika hapo chini, weka na picha iliyopigwa mchana, si ya usiku kwa tochi. Tukutane makala ijayo.